Sura ya Nne: Funga Desa, Useme Unachokijua

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, wanafunzi 14 wa sheria walianza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Hicho ndicho chuo kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika darasa la watu 14 hakuna pa kujificha. Mhadhiri anakujua kwa jina, anakuuliza leo, anakurudia kesho, na usipoelewa kitu anakijua mapema kuliko wewe mwenyewe.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe Mlimani, Dodoma au Mbeya, anaweza kukaa ukumbini na wenzake mia kadhaa, akamsikiliza mhadhiri kupitia kipaza sauti, na muhula ukafika katikati bila mtu yeyote kumuuliza swali. Swali la kwanza analoulizwa linakuja kwenye karatasi ya jaribio, tena lina alama. Hapo ndipo anapogundua kwamba alichodhani anakijua hakijui. Msongo wa mawazo wa chuoni, kwa sehemu kubwa, unaanzia hapo.

Hoja ya sura hii ni moja. Kusoma vizuri na kutulia moyo si kazi mbili tofauti, moja ya maktaba na nyingine ya mshauri nasaha. Mwanafunzi anayejiuliza maswali mwenyewe, mapema na mara kwa mara, anakumbuka zaidi na anaogopa kidogo. Anayesubiri kuulizwa na mtihani hupungukiwa na vyote viwili.

Kengele iliyonyamaza

Sekondari ulikuwa na kengele. Iligonga ukaamka, ikagonga ukaingia darasani, ikagonga usiku ukaenda prepo, na mwalimu wa zamu akapita kuhakikisha umekaa. Hata kama hukupenda, saa zako zilikuwa na mwenyewe. Chuoni kengele haipo. Jumatano una kipindi saa mbili asubuhi na kingine saa kumi jioni, na katikati umeachiwa saa sita ambazo hakuna atakayekuuliza umezifanyia nini.

Lakini saa hizo zimehesabiwa, ingawa hazimo kwenye ratiba iliyobandikwa ubaoni. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120. Piga hesabu: saa 1,200 kwa mwaka, 600 kwa muhula. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Ikiwa mihadhara, semina na maabara vinachukua saa 18 au 20, basi zinazobaki, 20 au zaidi, ni kazi uliyoachiwa uifanye peke yako.

Wanafunzi wengi hawaioni hesabu hii mpaka wiki ya kumi na tatu. Wanadhani wamepumzika, kumbe wamekopa. Deni la saa 200 haliwezi kulipwa kwa wiki mbili za kukesha, na mwili unalijua hilo kabla akili haijakubali: kichwa kinauma, tumbo linavuruga, usingizi hauji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupunguza msongo ni kuchukua karatasi, kuandika saa zako zote za wiki, na kuzipa kazi zile zinazoonekana kama hazina mwenyewe.

Usiandike "kusoma". Andika "Jumatano, saa nne hadi saa tano na nusu, kimbweta cha nyuma ya maktaba, uchumi, maswali ya wiki ya tatu". Kazi iliyotajwa mahali, saa na kitu huanza bila ubishi. Kazi inayoitwa "kusoma" tu hungojea hamu, na hamu ya kusoma ina desturi ya kuchelewa.

Kusoma kunakodanganya

Tazama vimbweta vya chuo chochote wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kila mtu ana desa la maelezo ya mhadhara, na karibu kila mtu anafanya jambo lilelile: anasoma ukurasa, anapaka rangi ya njano, anageuza, anamaliza, anaanza upya. Ndiyo kupiga msuli. Mara ya tatu maneno yanateleza bila kukwama, na moyo unasema, "Hii mada nimeiva."

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliipima hali hiyo. Waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi za sayansi. Kundi moja liliisoma makala katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha likatumia vipindi vitatu kuandika kila lililokumbuka bila kuangalia. Kundi la kwanza lilipata nafasi ya kuirudia makala mara 14 hivi, la pili mara tatu na ushei. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40. Waliojijaribu walikumbuka asilimia 61.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo mwanafunzi anapaswa kulishika zaidi ya takwimu. Wote waliulizwa mapema wanadhani watakumbuka kiasi gani, na waliokuwa na uhakika zaidi ni wale waliosoma mara nyingi. Kurudia kusoma kunaleta utulivu wa uongo. Macho yanaizoea sura ya ukurasa, na mazoea hayo tunayachukua kuwa elimu.

Miaka miwili baadaye watafiti haohao walichapisha jaribio jingine katika jarida la Science, na safari hii walitumia maneno ya lugha yetu. Wanafunzi wa Kimarekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, mashua likiwa mojawapo. Wote walijifunza mpaka wakayataja maneno yote. Baada ya hapo baadhi waliendelea kujijaribu hata kwa neno ambalo tayari walikuwa wamelipata, na wengine waliacha kujijaribu kwa neno hilo, ingawa baadhi yao waliendelea kulisoma. Wiki moja baadaye, walioendelea kujijaribu walikumbuka karibu asilimia 80. Walioacha walikumbuka kama theluthi moja, hata wale walioendelea kusoma. Kulisoma zaidi neno ambalo tayari umelipata hakukuongeza karibu chochote. Kulivuta kutoka kichwani ndiko kulikolikaza.

Mwaka 2013 kundi la wanasaikolojia likiongozwa na John Dunlosky lilipitia tafiti nyingi kuhusu mbinu kumi za kujifunza. Kupaka rangi maandishi na kurudia kusoma viliwekwa daraja la chini. Mbinu mbili tu zilipewa daraja la juu: kujijaribu, na kutawanya masomo katika siku nyingi. Hizo mbili ndizo tutakazozifanyia kazi.

Karatasi tupu

Tuchukue mada moja tuone kazi inavyokwenda. Mwanafunzi wa uchumi ametoka kwenye mhadhara wa unyumbufu wa mahitaji. Jioni anakaa, anafunga desa, analisukuma mbali, na anaweka mbele yake karatasi isiyo na kitu. Juu anaandika jina la mada, kisha anajiuliza: nilifundishwa nini?

Anaandika maana: kiasi ambacho mahitaji hubadilika bei inapobadilika. Anaandika kanuni: asilimia ya badiliko la mahitaji, gawanya kwa asilimia ya badiliko la bei. Anajitungia mfano. Duka linauza pakiti 50 za chumvi kwa shilingi 500. Bei ikipanda hadi 600, mama lishe na majirani wanapunguza pakiti moja tu, zinabaki 49. Bei imepanda asilimia 20, mahitaji yameshuka asilimia 2, unyumbufu ni 0.1. Kisha soda: chupa 100 kwa shilingi 1,000, bei ikiwa 1,100 zinauzwa 80, kwa kuwa watu wanahamia kwenye juisi. Bei imepanda asilimia 10, mahitaji yameshuka asilimia 20, unyumbufu ni 2.

Anaendelea. Mwenye duka amefaidika? Kwa chumvi, mapato yametoka 25,000 hadi 29,400. Kwa soda, yametoka 100,000 hadi 88,000. Hapo mwanafunzi anasimama, kwa sababu ameona jambo ambalo hakuliona ukumbini: bei ikipanda, mapato yanaweza kupanda au kushuka, na kinachoamua ni unyumbufu. Anajiuliza ni mambo gani yanaufanya unyumbufu uwe mkubwa au mdogo. Anakumbuka mawili: kuwapo kwa kitu mbadala, na ukubwa wa gharama katika mapato ya mnunuzi. Anajua yalikuwa zaidi. Anakaa kimya dakika mbili, anatafuta, hapati. Anaweka alama ya kuuliza.

Sasa ndipo anafungua desa. Anasoma sehemu ile tu iliyokwama, na anaisoma kwa njaa. Anaona kwamba alisahau muda: mnunuzi akipewa miezi, anapata njia ya kukwepa bei ambayo hakuwa nayo kwa siku mbili. Kwa kalamu ya rangi nyingine anaiandika. Kazi yote imechukua dakika 20, na karatasi ile inamwambia kwa uaminifu anachokijua na asichokijua. Desa lililopakwa rangi haliwezi kumwambia hilo.

Dakika zile mbili za kutafuta bila kupata zinauma kidogo. Usizikimbie. Ubongo unaojitahidi kukumbuka ndio unaojiandaa kushika jibu litakapokuja. Mwanafunzi anayefungua desa kila anapokwama sekunde tano anajinyima sehemu yenye faida kuliko zote.

Kuna jambo la lugha ambalo kwetu Tanzania halikwepeki. Waliosoma shule za msingi za serikali walifundishwa kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha kufundishia kidato cha kwanza, na wakafika chuoni wakiwa na ujuzi mkubwa wa kukariri sentensi. Sentensi ya Kiingereza inaweza kukaririwa, ikaandikwa bila kosa, na mwandishi wake asijue inasema nini. Mtihani wa chuo ukigeuza swali kidogo tu, sentensi hiyo haisaidii. Kwa hiyo jaribio la kwanza lifanye kwa Kiswahili: ieleze mada kama unavyomweleza mdogo wako wa kidato cha nne. Ukishindwa kwa lugha unayoiota usiku, tatizo si Kiingereza, ni mada. Ukiweza, andika aya ileile kwa Kiingereza, maana ndicho utakachojibia mtihani. Kuelewa kwanza, lugha ya mtihani baadaye, na vyote viwili vifanyiwe mazoezi.

Kuachia nafasi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kazi aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, akajifunza upya huku akipima ni kazi kiasi gani ameiokoa. Baada ya siku moja alikuwa ameokoa kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Mada za mhadhara zina maana na hazipotei haraka kama silabi hizo, lakini mwenendo ni uleule: tunasahau kwa kasi mwanzoni, halafu kasi inapungua.

Ndiyo maana kurudi mapema kuna thamani kubwa. Mhadhara wa Jumatatu urudie jioni ileile kwa karatasi tupu. Urudie Alhamisi kwa dakika kumi, bila desa. Urudie Jumatatu inayofuata kabla ya mhadhara mpya, kisha baada ya wiki tatu au nne. Kila mara utakuwa umesahau kidogo, na hilo lisikutishe. Kuvuta kitu kilichoanza kupotea ndiko kunakokizamisha ndani zaidi.

Mwaka 1978 Alan Baddeley na Longman walichapisha utafiti uliowahusu watumishi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Waliofanya mazoezi saa moja kwa siku waliimudu kazi kwa saa chache zaidi kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Ila waliofanya saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa kuwa siku zilionekana kupita nyingi. Kumbuka hilo utakapoona wenzako wanakesha nawe unakwenda kulala baada ya saa yako moja. Hisia ya kwamba umefanya kidogo si kipimo cha ulichokipata.

Katika kila kipindi, simu iwe mbali, si kifudifudi mezani. Kundi la WhatsApp la darasa litakungoja. Muitaliano Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alijiwekea dakika 25 za kazi moja kwa saa ya jikoni, kisha mapumziko mafupi, na utaratibu wake umeenea duniani kote. Si lazima ziwe 25. La muhimu ni kuwa na mwisho unaouona, maana ni rahisi kuanza kazi ambayo unajua itaisha lini.

Kikundi kinachouliza

Diskasheni ni urithi mzuri wa vyuo vyetu, lakini nyingi zimegeuka mhadhara wa pili. Mmoja anayejua anasimama ubaoni, wengine wanane wananakili. Anayenufaika ni yule aliyesimama, kwa kuwa yeye ndiye anayevuta mada kutoka kichwani.

Geuzeni utaratibu. Muwe wanne au watano. Kila mmoja aje na maswali matatu aliyoyatunga mwenyewe, au aliyoyatoa kwenye mitihani ya miaka iliyopita. Anayeulizwa anajibu bila desa, na wengine wanamfuata kwa swali moja: kwa nini?

"Kaka, umesema mapato ya soda yameshuka. Kwa nini ya chumvi hayakushuka?"

"Kwa sababu chumvi haina mbadala."

"Sawa, dada naye atuambie: ikipatikana mbadala, hesabu inabadilikaje?"

Kwa dakika tano za namna hiyo kila mtu amejua amesimama wapi. Kuna faida nyingine isiyohesabiwa kwa alama: katika kikundi cha watu wanaoulizana, kusema "sijui" kunakuwa jambo la kawaida. Mwanafunzi anayeweza kulisema neno hilo mwezi wa pili wa muhula hatalazimika kulificha mwezi wa nne. Aibu iliyofichwa ni mzigo mzito kuliko mada ngumu, na ndiyo inayowafanya wengi waache kuingia darasani.

Hofu ya chumba cha mtihani

Hofu yenyewe si adui. Unapokabiliwa na jambo zito, mwili unatoa adrenalini na kotisoli, moyo unapiga haraka, damu inakwenda kwenye misuli na ubongo. Tangu mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson walipofanya majaribio yao na panya, wanasaikolojia wameeleza kwamba msisimko wa kiasi unasaidia kazi, na ukizidi unaiharibu, hasa kazi ngumu. Mwanafunzi asiye na hofu hata kidogo hafungui daftari. Mwenye hofu iliyopita kiasi analifungua na haoni kilichoandikwa.

Kila aliyefanya UE anamjua mtu aliyeingia chumbani akiwa ameiva na akatoka akisema, "Kichwa kilikuwa cheupe." Hakusema uongo. Kotisoli nyingi huzuia kumbukumbu isitoke ingawa imo. Swali ni kama kuna namna ya kusoma inayoilinda kumbukumbu na hali hiyo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walilijibu. Watu 120 walijifunza maneno na picha, nusu kwa kurudia kusoma, nusu kwa kujijaribu. Kesho yake baadhi ya kila kundi walitiwa katika hali ya msongo: walitakiwa kutoa hotuba ya papo kwa papo na kufanya hesabu mbele ya majaji. Waliorudia kusoma, walipokuwa na msongo, walikumbuka karibu vitu 7 kati ya 30, pungufu ya wenzao waliokuwa wametulia. Waliojijaribu walikumbuka karibu 11 chini ya msongo, na hawakupungua hata kidogo kuliko wenzao waliotulia.

Soma tena matokeo hayo. Njia ileile inayokaza kumbukumbu ndiyo iliyoikinga na hofu. Kitu ulichokivuta kutoka kichwani mara kumi kina njia nyingi za kukifikia, na msongo ukiziba moja, nyingine iko wazi. Kitu ulichokisoma tu hakina njia iliyowahi kupitwa.

Kwa hiyo fanya mazoezi ya mtihani katika hali ya mtihani. Katika vyuo vyetu vingi UE hubeba alama 60 kati ya 100, na majaribio na kazi za muhula hubeba 40. Wiki tatu kabla ya UE, chukua mtihani wa mwaka uliopita, tafuta chumba kitupu cha darasa, weka saa, kaa mpaka muda uishe, bila simu wala desa. Mara ya kwanza utatoka umevunjika moyo. Mara ya tatu chumba, saa na karatasi vitakuwa vitu unavyovijua.

Na ikitokea siku yenyewe kichwa kikawa cheupe, weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Kisha usilitafute jibu lililopotea. Andika jambo lolote la mada hiyo unalolikumbuka, au nenda kwenye swali rahisi. Kumbukumbu moja huleta nyingine.

Usiku ni wa kulala

Kukesha kabla ya mtihani kunasifiwa vyuoni kana kwamba ni ushujaa. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya umakini kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Hakuna anayeweza kukubali kuingia kwenye UE akiwa amelewa, lakini wengi wanaingia katika hali hiyo bila kuonja tone.

Zaidi ya hapo, usingizi ni sehemu ya kusoma. Ukilala, ubongo unaendelea kuyashughulikia na kuyakaza yale uliyojifunza mchana. Anayesoma hadi saa nne usiku akalala anakumbuka kuliko anayesoma hadi saa kumi alfajiri. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, na nusu ya kafeini hiyo bado iko mwilini saa tano hivi baadaye. Kopo la saa mbili usiku linakunyang'anya usingizi wa saa saba usiku.

Mizigo isiyo ya darasani

Yaliyosemwa hapa yanatibu msongo unaozaliwa na masomo. Upo mwingine, na itakuwa si haki kumwambia mwanafunzi mwenye njaa ajiulize maswali kwa karatasi tupu.

Bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, mlo mmoja kwa siku unakuwa ratiba. Likiingia, kuna simu kutoka nyumbani: ada ya mdogo wako, dawa za bibi. Wengi ni wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, na kila sapu, mtihani wa marudio wa somo waliloanguka, wanaiona kama wameangusha kijiji kizima. Kwa mzigo wa fedha, bumu likiingia lipa kwanza chakula na malazi ya miezi yote, hata kabla ya kununua vocha. Na zungumza na wazazi mapema kuhusu kiasi unachoweza kutuma na usichoweza. "Mama, mwezi huu sitaweza" ni sentensi ngumu, lakini kuisema ni bora kuliko kukopa kwa riba mtaani.

Kuhusu sapu, ni matokeo ya somo moja katika muhula mmoja, na utaratibu wa kuirudia umewekwa kwa kuwa chuo kinajua wanafunzi hukwama. Soma kanuni za mitihani za chuo chako wiki hii, siyo siku ya matokeo. Humo utakuta masharti ya mtihani maalumu kwa aliyeugua au kufiwa, na utaratibu wa kuahirisha masomo bila kufukuzwa. Wanafunzi wamedisko, wakaondolewa chuoni, kwa kutojua tu kwamba walikuwa na haki ya kuomba.

Kisha kuna huzuni inayozidi uchovu. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo huna raha ya chochote, hulali au unalala kutwa, huli, unajiona huna thamani, au unafikiria kufa, huo ni ugonjwa na una tiba. Nenda zahanati ya chuo au ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na wakikuelekeza hospitali ya rufaa, nenda. Mirembe, Dodoma, ni hospitali ya afya ya akili ya taifa. Jina lake lisikutishe wala lisitumike kuwatania wenzako.

Na ukimwona mwenzako chumbani amebadilika, usimwambie ajikaze. Kaa kitandani kwake useme, "Ndugu yangu, siku hizi huli, hulali. Kuna nini?" Ukihofia anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Kunampa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, na mfuatane hadi kwa anayeweza kumsaidia.

Kazi ya wiki hii

1. Andika saa zako 40 za wiki, kila moja na mahali pake na somo lake.
2. Chagua mhadhara mmoja wa wiki hii. Jioni ileile ujaribu kwa karatasi tupu, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha ya mtihani. Urudie baada ya siku tatu.
3. Tafuta wenzako watatu, mkubaliane siku moja ya kuulizana, kila mmoja na maswali matatu.
4. Tafuta mtihani mmoja wa mwaka uliopita katika kila somo. Usiutafutie majibu bado.
5. Soma kanuni za mitihani za chuo chako, na uandike jina la ofisi utakayoiendea siku mambo yakikushinda.

Anza na namba mbili, leo. Utakachoshindwa kukiandika kwenye karatasi hiyo ndicho utakachosoma kesho, na kukijua mwezi wa kwanza wa muhula ni unafuu ambao hakuna aliyekesha wiki ya UE aliyewahi kuupata.